Miguu kwenye Biblia na kwenye stori za watakatifu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hivi kweli kuna haja ya kukaa chini kuongelea miguu? Si kuna mambo makubwa zaidi kwenye Biblia?

Mi nilidhani hivyo hivyo mpaka nilipoanza kuhesabu ni mara ngapi mtu kwenye Biblia anaanguka miguuni pa mtu, anaoshwa miguu, anavua viatu, anakung'uta mavumbi ya miguu, anawekewa hela miguuni, nikaacha kuhesabu. Alafu ukiingia kwenye maisha ya watakatifu wa Karne za Kati ndo kabisa, miguu kila ukurasa.

Ila sisi tunaoongea Kiswahili tumeshapewa ufunguo bure. Kila siku tunasema "shikamoo". Wazee wa lugha wanatueleza ni "nashika miguu yako". Yaani mdogo anashuka mpaka sehemu ya chini kabisa ya mkubwa, anashika pale, na mkubwa anaitikia marahaba. Siku hizi ni maneno tu, hakuna anayeinama, lakini picha yenyewe bado iko ndani ya neno. Miguu ndo mahali ambapo aliye juu na aliye chini wanakutana, na stori nyingi utakazoziona hapa ni shikamoo iliyokaa sawa au shikamoo iliyogeuzwa kichwa chini. Ukishika hilo mengine yanajifungua yenyewe.

Biblia ikisema "mguu" ni wayo au mguu mzima?

Kiebrania kina neno regel ambalo linafanya kazi kama "mguu" wetu, linaweza kuwa wayo, linaweza kuwa mguu wote mpaka juu, we unaangalia sentensi inasemaje. Ndo maana Kiswahili hapa hakipati shida kama baadhi ya lugha za Ulaya ambazo lazima zichague. Ila pale mwandishi anapotaka sehemu maalum anaitaja: Yakobo anazaliwa ameshika kisigino cha Esau (Mwanzo 25), makuhani wanapakwa damu kwenye kidole gumba cha mguu wa kuume (Kutoka 29), na yule kiwete wa kwenye mlango wa hekalu, Matendo 3, kinachopata nguvu ni nyayo na vifundo.

Alafu kuna matumizi ya tafsida. Sauli alipoingia pangoni wakati Daudi kajificha humo humo ndani, 1 Samweli 24, imeandikwa aliingia "kufunika miguu". Alienda haja. Joho linashuka linafunika miguu, ndo picha. Waamuzi 3 ni hivyo hivyo, watumishi wa mfalme Egloni wanasubiri nje ya mlango uliofungwa wakidhani bosi kaenda kufunika miguu, kumbe ameshauawa na Ehudi zamani. Ukiwa hujui hiyo tafsida ile stori inapoteza uchekeshaji wake wote.

Na Ruthu je, alifanya nini pale miguuni pa Boazi usiku?

Ruthu 3 inasema alifunua miguu ya Boazi akalala hapo. Wengine wanasoma tafsida, wengine wanasema alifunua nguo tu ili baridi imwamshe mzee wa watu. Mi naona mwandishi kaiacha hivyo makusudi. Kitu watu wanachoruka ni sura inayofuata: yule ndugu wa karibu anayekataa kumchukua Ruthu anavua kiatu chake anampa Boazi, ndo hati ya makubaliano hiyo mbele ya wazee mlangoni. Sheria ya Kumbukumbu 25 ilikuwa kali zaidi, mjane anamvua shemeji kiatu na kumtemea mate usoni, na nyumba yake inaitwa nyumba ya mtu aliyevuliwa kiatu. Kwahiyo usiku miguu imefunuliwa, asubuhi kiatu kimevuliwa, hicho kitabu kifupi kinajua kinachofanya.

Kwanini Musa aliambiwa avue viatu?

Kutoka 3, kijiti kinawaka hakiungui, anaambiwa mahali hapo ni patakatifu. Yoshua naye anaambiwa hivyo hivyo karibu na Yeriko (Yoshua 5). Kiatu kimekanyaga kila kitu huko njiani, na kiatu pia ni dalili kwamba we ni mtu huru mwenye kwako, ndo maana yule baba wa mwana mpotevu anaamuru mtoto avikwe viatu haraka, asikae peku kama mtumwa. Mbele ya Mungu unavua. Waethiopia wa Orthodoksi mpaka leo wanavua viatu kuingia kanisani, na jirani zetu Waislamu wanajua habari hiyo vizuri kuliko sisi wengine tunaoingia ibadani na kiatu cha kisigino kirefu kinagonga sakafu ko ko ko.

Karne za Kati walilichukua hili wakalifanya adhabu na heshima kwa pamoja. Walisimulia kwamba Kaisari Heraklio alipokuwa anarudisha Msalaba Yerusalemu, mwaka 630, lango lilijifunga mbele yake mpaka alipovua mavazi ya kifalme na viatu. Mfalme Louis IX wa Ufaransa alipoipokea ile Taji ya Miiba mwaka 1239 aliibeba peku, kavaa kanzu tu. Hao walienda wenyewe. Kuna waliopelekwa na shida: Henry IV wa Ujerumani alisimama peku kwenye theluji nje ya ngome ya Canossa siku 3, Januari 1077, akiomba Papa Gregori VII amwondolee adhabu ya kutengwa na Kanisa. Na Henry II wa Uingereza aliingia Canterbury peku Julai 1174 kwenda kaburini kwa Thomas Becket, askofu mkuu ambaye askari wake mfalme ndo walimuua kanisani. Miguu ilitoka damu njiani, wanasimulia. Toba au siasa? Vyote viwili, na watu wa wakati ule hawakuona tatizo hapo.

Yule mwanamke aliyempaka Yesu mafuta miguuni si ndo Maria Magdalena?

Hapana, au tuseme Injili hazisemi hivyo. Kuna wanawake wawili wanaopaka miguu. Luka 7 ni mwenye dhambi asiyetajwa jina, kaingia nyumbani kwa Simoni Mfarisayo, kalia mpaka machozi yakalowesha miguu, kafuta kwa nywele, kabusu, kapaka marhamu. Yohana 12 ni Maria wa Bethania, dada yake Martha na Lazaro, na ratli ya nardo ambayo Yuda aliipigia hesabu ikafika dinari 300. Mathayo na Marko nao wana mwanamke Bethania lakini wao wanasema alimwaga kichwani. Maria Magdalena ni mwingine kabisa, ametajwa kwenye Luka 8 kama aliyetolewa pepo saba.

Aliyewaunganisha kwa nguvu ni Papa Gregori Mkuu, kwenye mahubiri yake huko Roma mwaka 591, akasema hao wote ni mtu mmoja. Kuanzia hapo Ulaya ya magharibi yote ikaenda nae, ndo maana kwenye picha Magdalena ana nywele ndefu na chupa ya marhamu na yuko chini ya msalaba kakumbatia miguu. Wagiriki hawakukubali, wao waliendelea kuwatenganisha. Kalenda ya Roma ilikuja kurekebisha mwaka 1969. Miaka karibu 1400, alafu watu bado wanasema "Magdalena yule kahaba".

Kitu kizuri kwenye Luka 7 ni jinsi Yesu anavyomhesabia Simoni: hukunipa maji ya miguu, huyu kanipa machozi. Mwenyeji kashindwa adabu ya kawaida ambayo Ibrahimu aliijua toka Mwanzo 18, wageni watatu wanatokea saa ya jua kali na neno la kwanza ni letini maji waoshe miguu. Simoni kashindwa hata salamu.

Bernardo wa Clairvaux karne ya 12 alijenga mafundisho kwenye hii picha: alisema roho ina mabusu matatu, kwanza miguu, alafu mkono, alafu mdomo. Huwezi kuruka. Unaanza chini unalia, unainuliwa kwa mkono, ndo baadae mbali kabisa unathubutu kutazama uso. Na miguu ya Mungu ni miwili, anasema, mmoja huruma na mwingine hukumu, ukibusu mmoja tu unaharibikiwa, wa huruma peke yake utalegea, wa hukumu peke yake utakata tamaa.

Kwanini Petro alikataa kuoshwa?

Rudi kwenye shikamoo. Fikiria babu yako mzaa baba anaingia, we umekaa, anainama anakushika miguu anasema shikamoo mjukuu wangu. Utaruka. Ndo Petro alivyoruka. Yohana 13, Yesu anavua mavazi anajifunga kitambaa kama mtumwa, anaanza "kuwatawadha" wanafunzi miguu. Biblia ya zamani ya Kiswahili imetumia neno hilo hilo tunalotumia kwa udhu, na mi nalipenda kuliko "kuosha" maana linabeba ibada ndani yake, sio sabuni na maji tu.

Petro anasema hutanitawadha kamwe, akiambiwa basi huna sehemu nami anageuka anataka aoshwe mpaka kichwa. Augustino aliielezea hivi: ukishabatizwa umeoga mwili mzima, lakini unatembea duniani na miguu inashika vumbi kila siku, hiyo ndo ya kuosha tena na tena. Kwenye sehemu nyingine akasema mguu wa roho ni upendo, unakwenda pale unapopenda. Na mmoja wa waliotawadhwa usiku ule alikuwa Yuda. Yohana anajua, Yesu anajua, miguu yake inaoshwa kama ya wengine alafu inatoka inaenda zake gizani.

Hii ibada ya kuosha miguu Alhamisi Kuu ilianza lini?

Haikuanza siku moja. Ambrosi wa Milano karne ya 4 alikuwa anawaosha miguu waliotoka kubatizwa, na anakiri mwenyewe kwamba Roma hawafanyi. Mtaguso wa Toledo wa mwaka 694 ukaagiza ifanyike Alhamisi Kuu. Kwenye monasteri ilikuwa ya kila wakati: Kanuni ya Mt. Benedikto, sura ya 53, inamtaka abati na wanajumuiya wote kuosha miguu ya wageni, na sura ya 35 inasema anayemaliza zamu ya jikoni Jumamosi awaoshe wenzake wote miguu, yeye pamoja na anayeingia zamu. Napenda sana kwamba wameiweka kwenye sura ya jikoni. Kule Cluny, monasteri kubwa ya Ufaransa, walikuwa wanawaosha maskini watatu kila siku.

Waliiita mandatum, yaani "amri", kutoka kwenye amri mpya ya Yohana 13. Mfalme John wa Uingereza, ambaye hata mtakatifu hakuwa, alikuwa anagawa sadaka siku hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1210, na wafalme wa Uingereza mpaka leo wanagawa hela Alhamisi Kuu, ila miguu wameacha.

Kwa Wakatoliki sheria ilikuwa wanaume tu mpaka Januari 2016, Papa Fransisko alipobadili iwe yeyote katika watu wa Mungu. Mwenyewe alishaanza 2013 kwenye gereza la vijana la Casal del Marmo, kuna wasichana na kuna Waislamu. Wasabato wao hawasubiri Alhamisi Kuu, wanafanya kabla ya Meza ya Bwana, kawaida mara moja kila robo mwaka, wanaume na wanaume, wanawake na wanawake, wawili wawili. Wamenoni nao wanayo.

Parokiani kwetu nilipokuwa mdogo wazee 12 walikuwa wanateuliwa, na wiki nzima kabla walikuwa wanasugua visigino na jiwe nyumbani mpaka vinang'aa, soksi mpya, pafyumu. Padri anamwaga maji kwenye mguu msafi kuliko mikono yangu. Nilicheka sana, mama akanifinya. Siku hizi siwacheki, nani anataka kuonesha mpasuko wa kisigino mbele ya watu mia tano?

Watakatifu gani wanajulikana kwa kuosha miguu ya watu?

Ni wengi, nakupa ninaowapenda mimi.

Louis IX tulishamtaja. Rafiki yake Jean de Joinville ameandika mwenyewe kwamba mfalme alimuuliza, we Alhamisi Kuu huwa unaosha maskini miguu? Joinville akajibu, bwana wangu, miguu ya washenzi wale? Kamwe sitaosha. Mfalme akamwambia umesema vibaya, usidharau alichofanya Mungu kutufundisha. Kinachonifurahisha ni kwamba Joinville hakuficha. Ndo jibu ambalo wengi wetu tungelitoa kama tusingekuwa tunaangaliwa.

Matilda wa Scotland, malkia wa Henry I wa Uingereza, amekufa 1118. Kaka yake David aliingia chumbani kwake akakuta nyumba imejaa wagonjwa wa ukoma, dada kajifunga taulo, anaosha miguu, anafuta, anabusu. David akasema wee, mfalme akijua hatakubusu tena hiyo midomo. Akajibiwa: nani asiyejua kwamba miguu ya Mfalme wa milele ni bora kuliko midomo ya mfalme atakayekufa? Angeweza kulifikiria jibu hilo wiki nzima.

Elizabeti wa Hungaria, aliyefariki 1231 akiwa na miaka 24 tu, naye aliwaosha wenye ukoma Alhamisi Kuu. Mama yake mkubwa, Hedwig wa Silesia, akaenda mbali zaidi, maji yaliyotoka kuosha miguu ya masista aliyatumia kunawia macho yake, na akawanawisha wajukuu usoni. Hapo najua kuna mtu anasoma anakunja uso. Hata mimi. Lakini walioandika walitaka ukunje uso, ndo kazi ya stori.

Na Klara wa Asizi. Masista waliotumwa nje wakirudi yeye abesi anawaosha miguu. Siku moja mmoja wao, mtumishi, kaona aibu bosi wake anataka kubusu mguu wake, akauvuta kwa nguvu, mguu ukampiga Klara mdomoni. Klara hakusema kitu, kaushika tena taratibu, akabusu chini kwenye wayo. Hii imetoka kwa masista wenyewe kwenye ushahidi uliokusanywa 1253, mwaka uleule aliokufa. Ni shikamoo iliyogeuzwa na aliye chini ameikataa kwa bahati mbaya kwa teke, yaani Petro mwingine kabisa. Kwangu hii inazishinda zote, maana kuna aibu ya pande zote mbili na hakuna muujiza wowote.

Kuna watakatifu ambao hawakuosha miguu kabisa?

Wapo! Antoni wa Misri, baba wa wamonaki, mwandishi wa maisha yake anajivunia kwamba hakuosha mwili wala kutia miguu majini bila sababu ya lazima. Cuthbert wa Uingereza ya kaskazini, amefariki 687, alikuwa anavaa buti za ngozi na kwa mujibu wa Bede, mmonaki aliyeandika maisha yake, akishazivaa Pasaka havui mpaka Pasaka nyingine, na anavua kwa sababu ya ile ibada ya Alhamisi Kuu.

Ila Cuthbert huyo huyo ndo mwenye stori tamu ya miguu. Alikuwa anaenda usiku kuingia baharini mpaka shingoni kusali, huko Coldingham, mmonaki mmoja akamfuata kwa siri akaona akitoka majini alfajiri fisi maji wawili wakaja wakampulizia miguu joto na kuikausha kwa manyoya yao. Wakapewa baraka wakarudi baharini. Maria wa Misri naye, mwanamke aliyeishi peke yake jangwani akitubu, mmonaki Mzee Zosima alimkuta amekufa jangwani na simba anamlamba nyayo, wakasaidiana na simba kuchimba kaburi.

Simeoni wa juu ya nguzo, karibu na Aleppo, amekufa 459. Alisimama juu miaka na miaka mpaka kidonda kikatokea mguu wa kushoto. Kuna mtu alikaa chini kuhesabu anainama mara ngapi wakati wa sala, akafika 1244 akachoka kuhesabu. Simeoni hakuchoka.

Fransisko wa Asizi alitembea peku kwanini?

Alisikia Mathayo 10 ikisomwa, msichukue viatu wala fimbo, akavua pale pale. Mwaka 1224 mlimani La Verna akapata madonda matakatifu, yaani alama kama za misumari ya Yesu msalabani, na mwandishi wake wa kwanza Thomas wa Celano anasema miguuni havikuwa vitobo tu, ilikuwa kama misumari ya nyama yenyewe, vichwa vyeusi juu, ncha zimepinda chini. Kutembea ikawa shida.

Hedwig tena: alitembea peku kwenye baridi ya Silesia, akiacha nyayo za damu kwenye theluji. Muungamishi wake akampa viatu akamwamuru asikae bila navyo. Akatii. Akavibeba kwapani. Kila ukiona sanamu ya mwanamke mwenye taji na pea ya viatu mkononi, ndo huyo. Wanaosoma habari za Wakarmeli Peku, lile shirika la watawa, wajue ile "peku" inatoka kwenye ukoo huu, ingawa wenyewe walianza baadae, karne ya 16.

Nimeona picha ya watakatifu wanamuwekea mzungu mguu wa mtu mweusi. Ni nini hiyo?

Kosma na Damiano, madaktari wasiopokea hela. Stori inasema mhudumu wa kanisa lao Roma alikuwa na saratani iliyokula mguu, akalala, akaota wanamkata na kumwekea mguu wa Mwethiopia aliyezikwa siku ileile. Akaamka mzima. Watu wakaenda makaburini wakakuta kweli, na mguu wenye ugonjwa umewekwa pale kwa marehemu. Fra Angelico aliichora Florence kwenye miaka ya 1430 mwishoni, mguu mmoja mweupe mmoja mweusi.

Wengine wanaiona picha nzuri ya watu kuwa mwili mmoja. Mi siwezi kuacha kumfikiria yule marehemu asiyekuwa na jina, ambaye hakuulizwa, na ambaye mpaka siku ya ufufuo amebaki na mguu wa saratani wa mtu mwingine. Kwenye baadhi ya picha za baadae analazwa sakafuni kabisa bila mguu, watu wanamruka.

Kuna nyingine ya kukatwa: kijana wa Padua aliungama kwa Mt. Antoni wa Padua (sio yule wa Misri) kwamba kampiga mama yake teke, Antoni akasema mguu kama huo ni wa kukatwa, kijana kaenda nyumbani kaukata kweli. Mama analia, Antoni anakuja anaunganisha. Somo la viongozi wa kiroho: angalia unaongea na nani. Donatello aliichonga kwa shaba pale pale Padua. Na Eligio, mtakatifu wa mafundi wa kuvisha farasi viatu, wanasimulia alimkata farasi mguu, akapiga kiatu mezani kwa raha zake, akaurudisha.

Mbona miguu pia inakanyaga watu? Hiyo unyenyekevu iko wapi?

Swali zuri, na ndo upande ambao mahubiri yanaukwepa. Yoshua 10 majemadari wanaweka miguu juu ya shingo za wafalme watano. Zaburi 110, adui ni pa kuwekea miguu. Adoni-bezeki, Waamuzi 1, aliwakata wafalme 70 vidole gumba vya mikono na miguu, akaja kukatwa na yeye. Mguu unaooshwa na mguu unaokanyaga ni uleule.

Sanamu ya Bikira Maria amekanyaga nyoka imetokana na Mwanzo 3:15. Kwenye Kilatini cha zamani iliandikwa "ipsa", yaani yeye mwanamke ndo ataponda kichwa. Kwenye Biblia yetu ni "huo utakuponda kichwa", yaani uzao, ngeli tu imebadilisha kila kitu.

Kwenye michoro naangalia nini?

Anza chini. Mungu, Kristo, malaika na mitume wako peku. Bikira Maria kwa kawaida ana viatu, na watakatifu wengi pia. Msalabani, mpaka karne ya 12 miguu ya Yesu iko sambamba na misumari ni minne, kuanzia karne ya 13 miguu inapishana, msumari mmoja kwa yote miwili, mwili unajipinda na maumivu yanaonekana. Na Uingereza karibu na mwaka 1000 walianza kuchora Kupaa kwa Bwana ambapo unaona miguu tu inaishia kwenye wingu. Watu wanacheka leo lakini ukisimama na wale mitume chini, hicho ndo wangeona.

Masalia ya watakatifu pia: Trier, Ujerumani, kuna sanduku lenye mguu wa dhahabu juu yake, alilitengenezesha Askofu mkuu Egbert mwishoni mwa karne ya 10 kwa ajili ya ndala ya Mt. Andrea. Na Roma sanamu ya shaba ya Petro, mguu wa kulia umelika kwa kushikwa na kubusiwa na mahujaji, vidole havipo tena.

Haya mambo yana uhusiano na siku hizi?

Tarehe 11 Aprili 2019, Vatikani, Papa Fransisko akiwa na miaka 82 na anatembea kwa shida aliinama sakafuni akabusu viatu vya viongozi wa Sudan Kusini, Salva Kiir, Riek Machar na wenzao, akiomba wasirudi vitani. Tazama tena video, angalia wanavyotaka kurudisha miguu nyuma. Petro wote wale.

Ni kweli kuna mtakatifu alikufa akiosha miguu?

Oswald, askofu wa Worcester na York. Kila siku ya Kwaresima alikuwa anaosha miguu ya maskini 12 huku akiimba zaburi. Siku hiyo alimaliza, akasema Atukuzwe Baba, akafa hapo hapo miguuni pao. Ilikuwa 29 Februari 992, kwahiyo sikukuu yake kwa tarehe yenyewe inapatikana mwaka mrefu tu, miaka mingine wanasogeza 28.